Jina Lililomo Ndani ya Chupa ya Karafuu

Nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, macho nimefumba, ghafla nikanusa nyumbani kwa bibi. Nikadhani ni ile sindano ya ganzi imenipanda kichwani. Kumbe daktari alikuwa anakoroga unga mweupe na mafuta ili azibe jino kwa muda. Unga ule ni oksidi ya zinki. Mafuta yale ni yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, mara nyingi zaidi ya asilimia 70.

Bibi yangu hakulijua jina hilo. Yeye karafuu zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na jino likikuuma alikupa punje moja: "Ng'ata hapo hapo, mjukuu wangu, wala usimeze." Ulimi unakufa ganzi, unalala. Lakini tusidanganyane, ganzi si kupona. Gego langu la kwanza tulilituliza kwa karafuu miezi mitatu, mwishowe shavu likavimba na jino likang'olewa.

Hata hivyo bibi hakuwa anabahatisha. Yujenoli ni mmoja wa ukoo wa finoli: pete ya kaboni sita iliyoshikiwa oksijeni na haidrojeni pembeni. Inajipenyeza kwenye utando wa bakteria, inaulegeza, vilivyomo ndani vinavuja. Mkarafuu hauwezi kukimbia adui, basi umejiwekea silaha katika vijifuko vya mafuta ndani ya kikonyo, jani na tumba.

Ukifungua vitabu vya historia ya tiba, habari ya finoli huanzia Glasgow, Agosti 1865, pale Joseph Lister alipofunga kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki mguu wa mtoto wa miaka 11 aliyegongwa na mkokoteni. Mfupa ulikuwa umevunjika na jeraha lilikuwa wazi. Siku zile jeraha la namna hiyo lilimaanisha kukatwa mguu au kufa; mtoto yule akapona. Asidi ya kaboliki ni finoli yenyewe, iliyotolewa kwenye lami ya makaa ya mawe, nayo ilikuwa kali kiasi cha kuchubua mikono ya madaktari. Simpunguzii Lister heshima yake. Ninachosema ni kwamba mwaka huo huo wa 1865, binamu mpole wa dawa ile alikuwa anaanikwa juani kwenye majamvi ya Unguja na Pemba, na waliomwanika walikuwa watumwa.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliutorosha huko mnamo 1770 wakaupanda Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Seyyid Said alipoona faida yake, mashamba yakatanda, na watu wakaletwa kutoka bara, wengine kutoka mbali kama pande za Ziwa Nyasa, kuja kupanda, kupalilia, kuchuma. Kuchuma karafuu si mchezo, jamani. Tumba huvunwa kabla halijachanua, kwa mkono, juu ya matawi yanayovunjika kirahisi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kuwa ghala. Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897.

Sasa hili jina. Yujenoli limetokana na Eugenia, jina la zamani la kisayansi la jamii ya mkarafuu, nalo lilitolewa kumtukuza Eugene wa Savoy, jemadari wa majeshi ya Austria aliyefariki 1736. Huyo bwana anakaa ndani ya kila chupa ya daktari wa meno duniani. Nimewahi kutafuta vitabuni jina la mchumaji mmoja tu wa miaka ile ya 1860. Nilipata pishi, bei, ushuru, majina ya wenye mashamba.

Nilipoweza kufumba mdomo nikamuuliza daktari kama anajua dawa yake imetoka wapi. Akaigeuza chupa, akasoma lebo, akanitajia mji wa Ulaya.