Banda Letu la Karafuu na Mabati Yake



Pemba ilizidi kutajika kwa karafuu tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Wazee wetu wa Wambaa walianika, na sisi tunaanika. Karafuu ikirowa kabla haijakauka huota ukungu, bei ikaanguka. Kwa hivyo banda zima ni roho yetu.

Mabati ya banda letu yalikuwa ya zamani. Chumvi ya bahari ilishakula ile zinki ya juu, kutu ikaingia. Tulibishana sana: tugawane akiba au tutengeneze paa? Wenzetu wengine walinuna, maana watoto walidaiwa michango ya skuli, na haki walikuwa nayo. Mwisho tukakubaliana paa.

Tulisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, tukaosha kwa maji ya kisima, tukaacha yakauke, tukaziba matundu. Tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili.

Mvua za vuli zilipokuja, walionuna ndio waliokuwa wa mwanzo kukimbiza majamvi yao bandani. Tulicheka sote.

Jamani, kutu hairudi kwa hodi. Tulikague paa kila msimu.