Neno 'nadharia' lilivyoigawanya bodi ya shule

Mtu akisema "hiyo ni nadharia tu," basi anadharau: jambo halijathibitishwa. Mwanasayansi hasemi hivyo. Kwake nadharia ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi yakasimama. Tofauti hiyo iliwagonganisha wanabodi wa shule za Dover, jimboni Pennsylvania, Marekani.

Oktoba 18, 2004, kwa kura 6 dhidi ya 3, bodi iliamua wanafunzi wa bayolojia waelezwe kuhusu dosari za nadharia ya Darwin, na kuhusu dai kwamba uhai ulisanifiwa na mwenye akili. Wapinzani wawili walijiuzulu papo hapo. Walimu wa sayansi walikataa katakata kusoma taarifa hiyo, ikabidi wasimamizi waisome. Wazazi 11 wakashtaki.

Mahakamani, lugha yenyewe ilitoa ushahidi. Rasimu za kitabu kilichopendekezwa, Of Pandas and People, zilionyesha kwamba baada ya Mahakama ya Juu kupinga ufundishaji wa uumbaji kama sayansi mwaka wa 1987, neno "uumbaji" liliondolewa, "usanifu" likapachikwa palepale. Maana ilibaki ileile!

Novemba 2005 wanabodi wote 8 waliotetea viti waling'olewa. Desemba 20, Jaji John Jones akaifuta sera yao.