Mafubira: ufundishaji wa historia na uchumi

Mafubira ni eneo la Jinja, mashariki mwa Uganda, lililoingizwa katika Jiji la Jinja mwaka 2020. Mwaka huohuo mtaala mpya wa sekondari ya chini ulifanya historia na elimu ya siasa kuwa somo la lazima. Uchumi wenyewe husubiri kidato cha 5. Mifano, hata hivyo, iko mlangoni: bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, viwanda vya nguo, tangazo la Rais Obote la Mei 1970 la kutwaa asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa, kisha mrithi wake, Amin, kuwafukuza Waasia 1972. Ubepari, ujamaa na unyang'anyi, ndani ya miaka 20 tu! Kiwanda jirani cha sukari cha Kakira kilirudi mikononi mwa akina Madhvani, familia ya Waasia iliyokuwa ikikimiliki, mwaka 1985.