Msalaba wa Shaba

Mtoto wa Panda akiokota jiwe la rangi ya majani mabichi, hawezi kudhani kwamba ndani yake mna shaba nyekundu. Wazee wa Katanga walijua. Jiwe hilo ndilo malakiti. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, mafundi walikwenda kulichimba. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka. Kisha waliimimina katika kalibu yenye umbo la msalaba. Mafundi hao waliitwa “wala shaba”, na Askofu de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926.

Lakini msalaba ule haukuletwa na mapadre. Mwaka 1957 wataalamu walifukua makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, kaskazini ya kwetu. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na wafu. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa. Ya baadaye ni midogo, yenye vipimo vinavyolingana, kwa kuwa ilikwisha kuwa fedha ya kununulia vitu.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 tu. Basi, anayewafundisha watoto kwamba kazi ya shaba ilianza siku hiyo anawanyang’anya urithi wao. Mungu aliweka shaba katika jiwe, akaweka na akili katika vichwa vya babu zetu. Vyote viwili ni vipaji vyake. Tusidharau hata kimoja.