Nyavu Kavu

Mwaka wa 1997 baba alishuka ufukweni Dunga, Kisumu, akarudi na nyavu kavu. Gugumaji lilikuwa limeziba ghuba na mtumbwi haungepita. Mimi nilidhani ni mmea tu umekuja kutukalia. Miaka mingi baadaye ndipo nilielewa kwamba gugu hilo linalishwa, na chakula chake ni naitrojeni na fosforasi: udongo na mbolea kutoka mashambani, ndiyo, lakini pia vyoo vyetu sisi watu wa mjini.

Afrika Kusini walishaliona tatizo hili. Bwawa la Hartbeespoort, ambalo hupokea majitaka ya Johannesburg kupitia mto, lilivamiwa na gugu hilohilo miaka ya 1970. Na majitaka yenyewe yalikuwa yamesafishwa! Njia iliyoanzia Manchester mwaka wa 1914, ya kupuliza hewa ndani ya tangi ili bakteria wale uchafu, huondoa uvundo, lakini fosforasi nyingi hupita tu.

Wakati huo mhandisi James Barnard alikuwa na mtambo wa majaribio huko Daspoort, Pretoria. Alichokuwa akitafuta ni namna ya kuondoa naitrojeni bila kununua kemikali. Katika tangi lenye hewa, bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Katika lisilo na hewa, wengine hutumia oksijeni iliyo ndani ya naitreti, na naitrojeni ikapaa zake angani. Sasa, akipima maji, akakuta fosforasi nayo imepungua mno. Kumbe kuna bakteria ambao wakikosa hewa na naitreti pia, hutapika fosforasi waliyoweka akiba. Wakirudishiwa hewa huifakamia kuliko walivyotapika, kama mtu aliyeshinda na njaa. Ukiondoa tope, umeiondoa nayo.

Kufikia 1982 mji wa Kelowna, Kanada, ulikuwa ukitumia ujuzi huo kulinda ziwa lake. Kenya wakati huo haikuwa na uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu, na sioni kosa hapo. Lakini ubaguzi uliisha 1994. Najua pampu na vipulizi hula umeme, ilhali mabwawa ya majitaka kama yale ya Ruai, Nairobi, hufanyiwa kazi na jua na mwani, karibu bure. Hesabu hiyo naielewa. Ila sijawahi kuona mtu akijumlisha ndani yake mtumbwi wa baba, aliouuza mwaka uliofuata.