Baden-Powell: Jina adimu la Uingereza lenye kaburi mashuhuri Nyeri

KATIKA vijiji vya Mwea, ambako maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hugeuza tambarare kavu kuwa mashamba ya mpunga, si ajabu kukuta watu watatu wenye jina moja katika ukoo mmoja: babu, mjukuu wake, na mjukuu mwingine aliyezaliwa na mwana wake wa pili. Kila mwana anapooa na kupata mtoto wa kiume, jina la babu hurejea. Lakini ukipita Sagana na Karatina hadi Nyeri mjini, utakuta katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro jiwe lenye jina ambalo halikuwahi kupata wingi wa namna hiyo. Ni jina la Baden-Powell.

Wengi hulifahamu kwa sababu ya mwanzilishi wa Skauti, Robert Baden-Powell, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari, 1941. Wasichokifahamu wengi ni kwamba yeye mwenyewe hakuzaliwa na jina hilo. Alipozaliwa jijini London tarehe 22 Februari, 1857, aliitwa Robert Stephenson Smyth Powell. Jina la ukoo tunalolisoma katika kaburi lake lilibuniwa na mama yake, naye Robert akiwa bado mvulana.

Powell ni miongoni mwa majina ya kawaida sana nchini Uingereza, na asili yake ni Wales. Zamani watu wa Wales walitambulishana kwa jina la mtu na la baba yake, yakiunganishwa kwa neno "ap", yaani mwana wa. Mwana wa Hywel akaitwa "ap Hywel", na matamshi yalipokazwa "ap Hywel" ikawa Powell. Msomaji wa Kenya hatapata taabu kuelewa jambo hili. Ni lile lile la "arap" kwa Wakalenjin, "ole" kwa Wamaasai, "bin" kwa Waislamu wa pwani na "wa" kwa Wagikuyu. Tofauti ni kwamba Wales ilipowekwa chini ya sheria za Uingereza katika karne ya 16, majina hayo yaliganda polepole. Mwana wa Powell akabaki Powell, na mjukuu vilevile, hata kama hakuna aliyemkumbuka tena huyo Hywel.

Baden nalo lilikuwa jina la ukoo mwingine kabisa. Andrew Baden alikuwa meya wa mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, mwaka 1682. Damu yake iliingia katika ukoo wa Powell kwa njia ya wanawake, na kwa kuwa mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuweza kuwapa watoto jina la ukoo wa kwao, akina Powell walilihifadhi kwa kulifanya jina la kwanza la wana wao. Ndivyo alivyopata kuitwa Baden Powell, bila kistari, baba yake Robert: kasisi na mwanahisabati aliyezaliwa mwaka 1796 na kuteuliwa mwaka 1827 kuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Profesa huyo alioa mara tatu. Mke wake wa tatu, aliyemwoa mwaka 1846, alikuwa Henrietta Grace Smyth, binti wa ofisa mkuu wa jeshi la majini. Profesa alipofariki mwezi Juni mwaka 1860, Henrietta alikuwa na umri wa miaka 35 na watoto saba walio hai. Robert alikuwa na miaka mitatu, na kitinda mimba hakuwa ametimiza hata mwezi mmoja. Mjane huyo hakuwa maskini wa kutupwa, lakini mali yake haikutosha kuwafikisha wana wake katika shule na vyeo alivyovitamani.

Alichokuwa nacho ni jina la marehemu, lililoheshimiwa miongoni mwa wasomi. Tatizo ni kwamba Uingereza ilijaa akina Powell, na mtoto aliyejiita Powell tu hakutofautiana na mwana wa mwashi au wa muuza nyama. Basi mwaka 1869 Henrietta aliliunganisha jina la kwanza la mumewe na la ukoo, akaweka kistari katikati, na watoto wake wakawa Baden-Powell. Sheria ya Uingereza haikumzuia, kwani humruhusu mtu kutwaa jina jipya kwa kulitumia tu, maadamu hakusudii udanganyifu. Idhini rasmi ya Mfalme ilitolewa baadaye sana, tarehe 30 Aprili, 1902, wakati jina lilikuwa limekwisha kuenea dunia nzima.

Wapo wanaomcheka mama huyo kwa kupenda makuu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, alifanya alichoweza kufanya mwanamke wa wakati wake asiyeruhusiwa kupiga kura wala kuingia chuo kikuu. Aliwapa wanawe urithi usiogharimu hata senti.

Hapo ndipo penye uadimu wa jina lenyewe. Akina Powell wanatokana na mababu wengi wasiojuana, ilhali Baden-Powell ni jina la uzao wa mtu mmoja. Mbali na watoto wa Henrietta, lilitwaliwa pia na Baden Henry, mwana wa profesa kwa ndoa ya awali, aliyekuwa mtumishi wa serikali nchini India na aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu milki ya ardhi katika nchi hiyo, kilichochapishwa mwaka 1892. Ukoo unaoanza na watu wachache namna hiyo huhitaji wana wengi ili uenee. Akina Baden-Powell hawakuwa nao.

Warington, kifungua mimba, alikuwa baharia kisha wakili. Alioa mwaka 1913 akiwa na zaidi ya miaka 60, na hakuacha mtoto. George alikuwa mbunge wa Liverpool na alifariki mwaka 1898 akiacha mtoto wa kiume, Donald, aliyekuja kuwa mwanajiolojia wa Oxford. Augustus alikufa mtoto mwaka 1863, hata kabla ya jina kubuniwa. Agnes, aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa Girl Guides, hakuolewa. Kitinda mimba, Baden, alijulikana kwa kutengeneza tiara kubwa zenye uwezo wa kumwinua mtu angani. Robert mwenyewe alikawia kuoa. Alimwoa Olave Soames mwaka 1912 akiwa na umri wa miaka 55, wakapata watoto watatu: Peter, Heather na Betty.

Kwa hiyo jina lililosikika kote lilibebwa na familia chache tu. Lilivuma hasa kutokana na vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, ambapo Robert aliulinda mji wa Mafeking, ambao leo huitwa Mahikeng, ulipozingirwa kwa siku 217 kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Habari za kuokolewa kwa mji huo zilipofika London, watu walicheza barabarani. Watoto wengi waliozaliwa mwaka huo walibatizwa kwa jina la Baden. Jina la mtu lililofanywa la ukoo sasa likarudi kuwa la mtu.

Mfano wa ajabu zaidi uko Brazil. Huko, mwaka 1937, baba mmoja aliyewapenda sana Skauti alimpa mwanawe jina zima la Baden Powell. Mtoto huyo, Baden Powell de Aquino, alikuwa mmoja wa wapiga gita mashuhuri wa nchi hiyo hadi alipofariki mwaka 2000, ingawa hakuwa na tone la damu ya Uingereza ya Henrietta. Mwanawe, mpiga piano, hujulikana kwa jina la Philippe Baden Powell. Hivyo katika Brazil jina hilo limeanza upya kuwa la ukoo, safari hii bila kistari. Kuna pia mlima wa Baden-Powell katika jimbo la California, Marekani, na barabara yenye jina hilo kando ya bahari karibu na Cape Town.

Nyeri iliingia katika historia hii kupitia urafiki. Eric Sherbrooke Walker, aliyejenga hoteli ya Outspan na baadaye Treetops, alikuwa zamani katibu wa Robert. Robert na Olave walifika Nyeri mara ya kwanza mwaka 1935, wakapendezwa na mandhari ya Mlima Kenya, na mwaka 1938 wakahamia katika nyumba ndogo waliyojengewa katika uwanja wa hoteli. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na hii wakaiita Paxtu, kwa maana ya Pax ya pili. Majivu ya Olave, aliyefariki Uingereza mwaka 1977, yaliletwa Nyeri yakazikwa pamoja na mumewe. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo Skauti huitumia njiani kumaanisha kwamba aliyeiweka amekwisha kurudi nyumbani. Kila mwaka, Februari 22 ikikaribia, maelfu ya vijana wenye skafu shingoni hufurika hapo.

Si kila mtu hulitazama jina hilo kwa upendo. Robert alipigana upande wa ukoloni dhidi ya Waasante na Wandebele, na mwaka 1896 aliidhinisha kuuawa kwa chifu Uwini huko Matabeleland, kitendo kilichomletea uchunguzi ingawa hakuadhibiwa. Katika mji huu huu wa Nyeri, mwezi Novemba mwaka 1956, mahakama ya kikoloni ilimhukumu kifo Dedan Kimathi wa Waciuri, akanyongwa Februari 18, 1957. Mgeni aliyekuja kustarehe uzeeni ana kaburi lililohifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Mwenyeji aliyepigania ardhi alizikwa Kamiti bila alama, na ni jina lake tu linaloonekana Nyeri, likiwemo la Chuo Kikuu cha Teknolojia kilicho kwenye barabara ya Mweiga.

Baada ya 1941, jina la Baden-Powell halikubaki Kenya. Peter, mwana pekee wa Robert, alikuwa amekwenda Rhodesia ya Kusini katika miaka ya 1930 kujiunga na polisi. Alirithi cheo cha ubaroni ambacho baba yake alipewa mwaka 1929, akafariki mwaka 1962. Cheo kilimwendea mwanawe Robert, aliyefariki mwaka 2019 bila mtoto, kisha nduguye Michael, aliyekuwa amehamia Australia tangu miaka ya 1960. Michael alipofariki mwaka 2023, cheo kilipita kwa mwanawe David. Heather na Betty, mabinti wa mwanzilishi, waliolewa, na watoto wao wakawa King na Clay. Betty aliishi miaka mingi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kizazi chake ni kikubwa, lakini kwa desturi ya Kiingereza hakihesabiwi katika jina.

Wachunguzi wa majina nchini Uingereza hupenda kutumia sensa ya mwaka 1881, iliyokwisha kuingizwa katika tarakilishi, kuchora ramani ya mahali kila ukoo ulipoishi. Ramani kama hiyo haiwezekani Mwea. Huku, jina la mwisho katika kitambulisho aghalabu ni la baba mzazi, hivyo watoto wa ndugu wawili hubeba majina mawili tofauti, na aitwaye Muriuki wa Kutus huenda asiwe na uhusiano wowote na Muriuki wa Othaya. Muriuki maana yake ni aliyefufuka, na Njoki ni aliyerudi. Majina yenyewe yanatangaza kazi yake, yaani kumrejesha aliyeondoka.

Utaratibu wa Wagikuyu unajulikana. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Kwa hiyo mzee aliyezaa mabinti watupu hapotei, kwa kuwa kila binti humrudisha katika nyumba ya mumewe. Ni njia ile ile iliyoliokoa jina la Baden kutoka Salisbury, isipokuwa kwa akina Powell ilikuwa bahati na hapa ni kanuni. Laiti Robert angekuwa Mgikuyu wa Nyeri, jina lake lingekuwa limerudi katika nyumba za Heather na Betty.

Palipo na ardhi, hata hivyo, desturi hukutana na karatasi. Mifereji ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa wakati wa hali ya hatari, na wakulima waliopewa ekari nne kila mmoja walikaa kwa leseni, bila hatimiliki. Kanuni za skimu zilimruhusu mwenye leseni kumtaja kwa maandishi mtu mmoja atakayemrithi. Katika boma lenye wajukuu watatu wa jina moja, herufi moja ya jina la baba ndiyo inayoamua nani alime.

Kwa mama wasioolewa, kikwazo kilikuwa kikubwa zaidi. Sheria ya usajili wa vizazi ilizuia jina la baba kuandikwa katika cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ila wazazi wote wawili walipoomba pamoja au pakatolewa ushahidi wa ndoa. Nafasi ya baba ilijazwa alama tupu. Mwezi Mei mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba, na kwamba mtoto wa namna hiyo ana haki ya jina la baba yake kuandikwa kama mtoto mwingine yeyote.