Hotuba na Redio: Asili Mbili za Shahada ya Uzamivu katika Mawasiliano

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika taaluma ya mawasiliano nchini Marekani hutakiwa, anapoomba nafasi ya masomo na baadaye anapotafuta kazi, kueleza mambo mawili: anachokusudia kukitafiti na anachoweza kukifundisha. Majibu hayo mawili mara nyingi hayahusiani. Anayechunguza jinsi uvumi unavyoenea katika mitandao ya kijamii hupangiwa darasa la mwaka wa kwanza la kutoa hotuba mbele ya watu, na anayepima athari za matangazo ya afya kwa hesabu za takwimu hujikuta akisahihisha muhtasari wa hotuba za vijana ambao wengi wao wanaogopa kusimama mbele ya wenzao. Tofauti hiyo haikuletwa na mpangilio mbovu wa idara moja au mbili, bali imerithiwa, kwa kuwa taaluma hii ilizaliwa mara mbili, katika mazingira tofauti na kwa sababu tofauti.

Mara ya kwanza ilizaliwa kutokana na manung'uniko ya walimu. Mwanzoni mwa karne ya 20, walimu wa hotuba na mijadala katika vyuo vya Marekani walikuwa chini ya idara za Kiingereza, ambako fasihi iliyoandikwa ndiyo iliyohesabiwa kuwa elimu, na ufundi wa kusema ukachukuliwa kuwa kazi ndogo isiyompandisha mtu cheo. Mwezi Novemba 1914, walimu 17 waliokutana Chicago waliamua kujitenga na baraza la walimu wa Kiingereza na kuunda chama chao cha walimu wa hotuba wa vyuo, James O'Neill akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata walianzisha jarida, na humo ndimo ulimozuka mvutano ambao haujaisha hadi leo. James Winans wa Chuo Kikuu cha Cornell alihimiza utafiti, akiona kwamba walimu wa hotuba hawatapata heshima chuoni mpaka wafanye kazi ya kisomi kama wenzao, na Charles Woolbert, aliyeegemea saikolojia, alitaka usemi uchunguzwe kisayansi kama tabia nyingine yoyote ya binadamu. Everett Lee Hunt aliwapinga, akihofia kwamba mwalimu atakayebobea katika jambo moja dogo atapoteza upana wa elimu ya utu ambao ndio uliomfaa mwanafunzi. Hoja ya Hunt ilishindwa vyuoni, ingawa ukiangalia yaliyofuata huwezi kusema kwamba alikuwa amekosea.

Utafiti uliposhika, ulikwenda pande mbili. Kule Wisconsin, Sara Stinchfield alipata mwaka 1922 shahada ya uzamivu inayotajwa kuwa ya kwanza Marekani katika fani ya usemi, na utafiti wake ulihusu kasoro za kusema, yaani mambo yaliyo karibu na tiba kuliko jukwaa. Kule Cornell, Hunt huyo huyo na Alexander Drummond walianza mwaka 1920 semina ya kusoma Aristotle, Cicero na Quintilian, na hivyo kufufua balagha, yaani elimu ya kale ya kuwavuta watu kwa maneno. Mwaka 1925 Herbert Wichelns, naye wa Cornell, aliandika insha iliyoitengenezea balagha kazi yake mahsusi: hotuba, alisema, isipimwe kama shairi linavyopimwa kwa uzuri na kudumu kwake, bali kwa jinsi ilivyowagusa wasikilizaji waliokusudiwa. Kwa miongo kadhaa tasnifu nyingi za uzamivu zilifuata njia hiyo, na mwanafunzi wa wakati ule alifundisha kile kile alichokitafiti: aliandika juu ya hotuba, akafundisha hotuba.

Mara ya pili taaluma ilizaliwa kwa mkono wa mtu ambaye kusema kulimpa taabu maisha yake yote. Wilbur Schramm, aliyezaliwa mwaka 1907 katika mji wa Marietta, Ohio, alipata kigugumizi kikali akiwa na umri wa miaka mitano baada ya kufanyiwa upasuaji mbaya wa kuondoa mafindofindo. Everett Rogers, mtaalamu aliyeandika historia ya taaluma hii, anasimulia kwamba Schramm alipotakiwa kuhutubia katika mahafali ya sekondari alipiga filimbi badala ya kusema. Mwaka 1930 alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa kwa sababu ya kigugumizi hicho, kwani Lee Edward Travis alikuwa ameanzisha huko kliniki ya usemi. Travis aliamini kwamba kigugumizi hutokea pale ambapo hakuna upande mmoja wa ubongo unaoutawala mwingine, na wagonjwa wake wengine walifungwa plasta mkono wa kulia ili wazoee kutumia wa kushoto. Kwa hiyo mtu anayeitwa mwasisi wa utafiti wa vyombo vya habari aliletwa Iowa na matunda ya fani ile ile ya usemi ambayo baadaye hakuipa nafasi katika nasaba ya taaluma aliyoisimulia yeye. Akiwa huko alipata uzamivu wa fasihi ya Kiingereza mwaka 1932, akawa mkurugenzi wa kwanza wa warsha mashuhuri ya waandishi wa ubunifu, na huenda angebaki mtu wa fasihi kama si vita.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia mwezi Desemba 1941, Schramm alikwenda Washington kufanya kazi katika ofisi za serikali zilizoshughulikia habari na ari ya wananchi. Huko alikutana na wanasosholojia, wanasaikolojia na wapima maoni waliokuwa wakijiuliza swali moja la haraka: ujumbe unaotolewa kwa redio, filamu na bango huwabadilishaje watu? Carl Hovland, kwa mfano, alipima kama filamu za kuwaeleza askari sababu za vita zilibadili kweli misimamo yao, na akagundua kwamba ziliongeza maarifa zaidi kuliko zilivyoongeza hamu ya kupigana. Schramm aliporudi Iowa mwaka 1943 kuongoza shule ya uandishi wa habari, alianzisha programu ya uzamivu katika mawasiliano ya umma, yaani yale yanayotoka chanzo kimoja kwenda kwa halaiki ya watu wasioonana. Mwaka 1947 alihamia Illinois na kuanzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano, na mwaka 1955 akaenda Stanford kufanya vivyo hivyo. Wahitimu wake walitapakaa katika vyuo vingine, miongoni mwao David Berlo, aliyeongoza idara mpya ya mawasiliano ya Michigan State.

Schramm alipenda kuwataja waasisi wanne wa taaluma, yaani Harold Lasswell, Paul Lazarsfeld, Kurt Lewin na Hovland. Orodha hiyo imenukuliwa katika vitabu vingi vya kiada, lakini ni ya upande mmoja: hakuna mwalimu wa hotuba hata mmoja ndani yake, na hao wanne wenyewe hawakujiita watu wa mawasiliano. Mwaka 1959 mtafiti Bernard Berelson alitangaza kwamba utafiti wa mawasiliano unanyauka kwa kuwa vigogo wake wamerudi katika fani zao. Alikosea, kwa sababu hakuwahesabu wanafunzi wa uzamivu waliokuwa wakizalishwa kila mwaka.

Wanafunzi hao walihitaji ada na posho, na idara za usemi ndizo zilizokuwa na kitu cha kuwapa. Baada ya sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo askari waliorudi vitani, vyuo vilifurika, na somo la hotuba, ambalo katika vyuo vingi lilikuwa la lazima, lilidai walimu wengi wa bei nafuu. Wasaidizi wa kufundisha wakawa ndio wanafunzi wa uzamivu, na mishahara yao midogo ikalipia tasnifu ambazo polepole ziliiacha hotuba na kuelekea kwenye sayansi ya jamii. Mkutano wa wanataaluma wa usemi uliofanyika New Orleans mwaka 1968 uliikubali hali hiyo rasmi, chama cha walimu kikaliongeza neno mawasiliano katika jina lake mwaka 1970, na mwaka 1997 kikaliondoa neno usemi kabisa. Somo la hotuba lenyewe halikuondolewa, kwa kuwa bila hilo hapangekuwa na fedha za kuwalipa wasaidizi.

Afrika Mashariki ilipokea zaidi upande wa pili wa urithi huu. Kitabu cha Schramm cha mwaka 1964 juu ya vyombo vya habari na maendeleo kilitolewa kwa ushirikiano na Unesco, na shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoanza mwaka 1970, pamoja na ile ya Tanzania ya mwaka 1975, zilizaliwa wakati fikra hizo zimetamalaki. Hata hivyo, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia Watanzania wapatao milioni 2, haikutegemea redio pekee: watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua nani achimbe choo na lini. Matangazo na mazungumzo ya ana kwa ana yalifanya kazi pamoja, ilhali katika vyuo elimu ya kusema, pamoja na ngonjera, malumbano na methali, iliwekwa katika idara za Kiswahili na fasihi, mbali na shule za uandishi wa habari. Vyuo vyetu vinavyoandaa sasa mitaala ya uzamivu katika mawasiliano vingefanya jambo la maana kumtaka kila mtahiniwa, hata anayetafiti simu na mitandao, asome na kufundisha angalau somo moja la fasihi simulizi kabla ya kuwasilisha tasnifu yake.